Titi la Dukani

Chupa yenyewe ilikuwa na picha ya bata wa bluu ubavuni, na chuchu ya mpira yenye rangi ya asali. Mume wangu aliileta kutoka Tunduma, ameificha ndani ya koti lake la baridi kama mtu aliyebeba mayai. Aliiweka mezani akarudi nyuma kidogo ili tuishangae vizuri. Tukaishangaa. Mama yake aliichukua, akaigeuzageuza, akaiminya ile chuchu kwa vidole viwili, kisha akauliza kama huko Tunduma wanawake wameanza kununua matiti dukani. Kuanzia siku hiyo chupa iliitwa titi la dukani, na mtaa wetu wa Chanji, ambao haukosi la kucheka, ukalipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Aliyeishi kabla yake anajua: duka lilikuwa na rafu, mwuzaji na kiberiti, na sabuni ikiingia mjini habari zake zilifika kabla ya lori lililoibeba. Halafu milango ikafunguliwa. Wafanyabiashara wakaruhusiwa kununua mahindi yetu na kuyapeleka watakako, malori yakaja kuyafuata, na hayakuwa yakirudi Ufipa matupu. Yalirudi na plastiki. Ndoo, mabeseni, vikombe, malapa, maua yasiyonyauka ya kuweka mezani, na mifuko ya nailoni ambayo upepo wetu wa kiangazi uliikimbiza mpaka ikanasa kwenye nyasi za makaburini. Mume wangu alikuwa utingo kwenye mojawapo ya malori hayo. Ukimwona leo, kesho ameshaondoka.

Mimi nilikuwa na cherehani kwenye baraza la duka, pale sokoni. Mitumba ilipoanza kuingia kwa marobota, sisi washonaji tulilia kwamba tumekwisha. Baadaye tukagundua kwamba hakuna gauni la Mzungu linalomkaa mwanamke wa Kifipa bila kupunguzwa huku na kuongezwa kule, tukanyamaza tukafanya kazi. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, msichana, mama mkwe alikuja kutoka kijijini Mollo kunisaidia kulea. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono ya jembe, asiyekosa misa hata kwa mvua. Alikuwa na maoni juu ya kila nilichofanya, kuanzia ninavyofagia mpaka ninavyokohoa. Mimi nami sijaumbwa kunyamaza. Tuligombana kuanzia uji wa asubuhi, na niseme ukweli, nilimpenda.

Hilo titi la dukani ndilo lililonirudisha kwenye cherehani. Kila asubuhi mama mmoja wa Kisukuma, ambaye watu wake walikuwa wamehamia na ng'ombe wao na kujenga boma nje kidogo ya mji, alituletea maziwa. Maziwa yake hayakuwa na kosa, nataka hilo lieleweke mapema, maana baadaye wapo waliotaka kumsingizia. Mama mkwe aliyachemsha mpaka yakapanda, akayapoza, akaijaza chupa, na mtoto akanyonya kidogo kidogo mpaka nirudi. Yakipungua anaongeza mengine juu ya yale yale. Jioni chupa ilisuuzwa kwa maji ya mtungini, ikafunikwa kitambaa safi, ikangoja kesho. Kwetu maziwa hayamwagwi. Ukimwaga maziwa mbele ya mama mkwe wangu ungedhani umemkanyaga mtoto.

Ndipo yakaja maneno ya meno ya plastiki. Sijui yalianzia wapi. Yalifika mtaani kama mafua, kila mtu akawa nayo. Ilisemwa kwamba mtoto mchanga akiharisha, akachemka, akatokwa udenda na kukataa kunyonya, basi ndani ya ufizi wake kuna meno yasiyo ya mfupa, laini, meupe, ya plastiki, na yasipotolewa mapema yatamuua. Kule juu mtaani alikuwapo mama aliyejulikana kwa kuyang'oa. Na watu walikuwa na hoja. Walisema zamani ugonjwa huu haukuwepo kwa sababu plastiki haikuwepo. Sasa imeingia nchini, imeingia ndani ya nyumba, kwa nini isiingie ndani ya watoto? Ukibisha wanakuonyesha. Wanambonyeza mgonjwa ufizi wa chini, na kweli unakiona kivimbe cheupe, kimoja kila upande. Kila mtoto duniani ana kivimbe hicho, ni jino la kawaida linalongoja zamu yake. Lakini ni nani aliyekuwa akibonyeza ufizi wa mtoto asiyeumwa?

Kulikuwa na jambo jingine lililonitisha zaidi, nalo lilisemwa kwa sauti ya chini. Mtoto mwenye meno ya plastiki hachomwi sindano. Ukimpeleka hospitali wakamchoma, anakufa sindano ikiwa bado mwilini. Kila aliyelisema alikuwa na mfano wa mtoto wa jirani wa shangazi yake.

Mtoto wangu alianza kuharisha alipokuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Nilimpa maji ya chumvi na sukari kama tulivyofundishwa kliniki. Yakamshika kidogo, kisha akaharisha tena, na homa ikapanda. Udenda ulilowesha kifua cha kila gauni nililomvalisha. Mchana mmoja mama mkwe aliniita dirishani penye mwanga. Alikuwa amemlaza mtoto mapajani, amemtia kidole mdomoni.

"Tazama," alisema.

Nikatazama. Nikakiona cheupe. Nikasema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia kwamba hilo ni jino tu na hakuna atakayeugusa mdomo wa mwanangu mpaka baba yake arudi. Mama mkwe alikitoa kidole, akakifuta kwenye kitenge chake polepole.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alisema, na hakuongeza neno.

Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa mgeni katika ndoa, sikujua kwamba mama mkwe akigomba mambo ni salama, na akinyamaza ndipo mtu ufunge mlango.

Asubuhi moja mtoto aliamka homa imeshuka. Alinitazama akacheka na ufizi wake mtupu. Sokoni nilikuwa na magauni meupe ya kipaimara yaliyopaswa kuisha kabla askofu hajafika, na akina mama wenye mabinti walikuwa wameanza kunipitia na kuuliza kwa adabu ile inayouma kuliko matusi. Nikaenda. Nilishona mpaka matiti yakaanza kuuma kwa kujaa. Kuna wakati mwili hujua jambo kabla ya mwenyewe. Nilisimama katikati ya pindo, nikafunika cherehani, nikaondoka bila kumuaga mtu.

Mlango ulikuwa na kufuli. Yule mama wa Kisukuma alikuwa amesimama barazani, amekuja kuchukua dumu lake. Nilimsalimu, akaitikia huku anatazama chini. Nilimwuliza kama amemwona bibi. Akalihamisha dumu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Amembeba mtoto," alisema. "Ameenda naye kwa yule mama wa meno."

Nilikimbia. Matiti yalikuwa yananiuma kwa kujaa, na viatu nilivyovaa ni malapa, na njia ni ya vumbi inayopanda. Lapa moja likakatika, nikaliacha pale pale. Sikumbuki niliyempita. Nakumbuka nilikuwa nikisema peke yangu "bado, bado, bado", kama mtu anayemsihi mwingine asianze kazi kabla hajafika.

Nilitegemea kukuta kibanda cha kutisha. Nilikuta uani pamefagiwa vizuri, maua kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, redio inaimba ndani. Akina mama walikuwa wamepanga mstari kwenye benchi, watoto mapajani, kama tuko kliniki. Wawili niliwajua kutoka kanisani. Mama wa meno mwenyewe alikuwa mtu mwenye uso mzuri, kilemba cheupe, sauti ya upole. Mkononi alikuwa na spoku ya baiskeli, ncha yake imepondwa na kunolewa. Aliichovya kwenye kikombe cha plastiki chenye maji, akaifuta kwa pindo la kanga, tayari kwa anayefuata. Maji ya kikombe kile yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

Mwanangu alikuwa ameshamaliziwa. Alikuwa kwenye mapaja ya bibi yake, kitenge kimelowa damu na udenda, na hakuwa analia. Alikuwa anatoa sauti ndogo kama ya mlango unaosukumwa na upepo. Mama wa meno alifungua kidonge cha rangi mbili, kile walichouza kwenye kila duka la dawa siku hizo, akaunyunyiza unga wake kwenye vidonda, akajifuta mikono.

Nilimwuliza nani amempa ruhusa. Hakukasirika. Alinijibu kwamba bibi ndiye aliyemleta, na bibi naye ni mzazi. Kisha akaninyooshea kisahani. Juu yake kulikuwa na vipande viwili vyeupe, vidogo kuliko punje za mahindi.

"Yashike, mwanangu," alisema. "Uone yalivyo laini."

Niliyashika. Yalikuwa laini kweli. Na kwa muda wa kumeza mate, niliamini. Leo najua jino ambalo halijaiva liko hivyo, ukilichimbua kabla ya wakati wake ni kama kung'oa kiazi kilichoanza jana. Lakini wakati ule nilisimama na mguu mmoja peku mbele ya ushahidi unaoshikika, na ulimi wangu, ambao hauchelewi, ukachelewa. Nilimchukua mtoto nikaondoka. Mama mkwe alikuja nyuma yangu. Alikuwa ameyafunga yale meno kwenye karatasi ili mwanawe akirudi ayaone.

Jioni ile mtoto alilala. Kesho yake kuharisha kukakoma. Mama mkwe alipika na kuimba nyimbo za Bikira Maria zile za furaha, na mimi nilitamani kumrushia mwiko. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba tangu mdomo ujeruhiwe, mtoto alikuwa ameikataa chupa. Mpira ule ulimuuma. Alikubali titi langu tu, kwa shida, huku analia.

Halafu akalikataa na titi.

Taya lake lilianza kuvimba upande mmoja, uvimbe ukashuka chini ya kidevu mpaka shingoni, ngozi ikawa ngumu na kung'aa. Mdomo ulitoa harufu ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu aliye hai. Nikimweka kifuani anageuza uso. Maziwa yalikuwa yanavuja yenyewe, yanalowesha blauzi, yananidondoka mapajani, na aliyekuwa ayanywe yuko pale pale mikononi mwangu, hayataki. Sijui kama kuna adhabu inayozidi hiyo kwa mwanamke. Nilifunga kanga kifuani kwa nguvu, nikamfunika mtoto, nikasema naenda hospitali.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mizizi ya yale meno bado imo, ndiyo inayovimba, na twende tukayamalizie. Alisema wakimchoma sindano katika hali ile atakufa mikononi mwao. Hakuwa mkatili. Alikuwa ameshazika watoto wake wawili, Mollo, kabla ya huyu aliyenioa, na aliniambia hilo kwa mara ya kwanza akiwa ameshika miimo yote miwili ya mlango wangu.

"Mama, nakuheshimu," nilimwambia. "Naomba unipishe."

"Ukitoka na mtoto huyo utarudi na maiti."

"Nitarudi nayo mwenyewe mikononi. Nipishe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na pale mlangoni tulikuwa wazazi wawili. Mwishowe aliachia mkono mmoja, nikapita ubavuni mwake. Nilimbeba mtoto mbele, siyo mgongoni, ili nimwone anavyopumua. Upepo ulikuwa mkali, vumbi limeinuka barabarani, na kila niliposimama kumfunika uso niligeuka nikamwona mama mkwe nyuma yangu, mbali kidogo, rozari mkononi, na kwapani mfuko wa nailoni wenye kikombe na nguo za mtoto.

Hospitali walituita bila kungoja foleni, harufu ilitutangulia. Daktari alikuwa kijana. Alimfungua mtoto mdomo kwa kijiti, akatazama, akauliza nani aliyefanya hivi kisha akasema basi, asijibiwe. Alituambia kwamba wadudu wameingia kupitia vile vidonda, wameshuka shingoni, na anahofia wameshaingia kwenye damu.

"Wadudu gani?" mama mkwe aliuliza.

Daktari alisema ni wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Mama mkwe aliingiza mkono kwenye ule mfuko, akatoa karatasi, akaifungua juu ya meza ya daktari. Vipande vile vilikuwa vimekauka, vimegeuka vya njano.

"Mimi ya kwangu haya hapa," alisema. "Ya kwako yako wapi?"

Sijamsahau yule kijana alivyoyatazama yale meno. Alijua jibu, lakini hakuwa na kitu cha kuweka mezani kando ya ile karatasi. Alimwambia bibi kwa upole kwamba hayo ni meno halali ya mjukuu wake, akageuka kuandika dawa. Penisilini, zile sindano za masaa, mchana na usiku bila kuruka.

Nesi alichana pakiti ya karatasi akatoa bomba la sindano. Lilikuwa la plastiki, jipya, la kutumia na kutupa. Mama mkwe aliliona, na nilimsikia akivuta pumzi. Alinishika kifundo cha mkono. Ule mkono wa jembe ulinibana mpaka vidole vikafa ganzi, na nesi akasimama, sindano juu, ananitazama mimi. Kila mtu mzima katika wodi ile alikuwa ananitazama mimi.

Ningependa kusema nilikuwa na hakika. Sikuwa nayo hata chembe. Nilikuwa nimeyashika yale meno kwa vidole vyangu, na hao wadudu sikuwahi kuwaona. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni ile harufu. Meno yalikuwa yametoka, yako kwenye karatasi, na bado mwanangu alikuwa anaoza. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye meno. Hiyo ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo.

"Choma," nilisema.

Alilia mara moja. Kisha akanyamaza, macho yakarudi nyuma, shingo ikalegea mkononi mwangu. Nesi alimgeuza, akamsikiliza kifua, akaita. Na kabla daktari hajafika, mama mkwe alikuwa ameshachota maji kwenye ndoo ya wodini kwa kile kikombe chetu cha plastiki. Mtoto alikuwa hajabatizwa; tulikuwa tunamngoja baba yake apate Jumapili moja ya kukaa nyumbani. Bibi yake alimmwagia maji kwenye paji la uso, akambatiza kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu, na akampa jina ambalo hatukuwahi kulizungumza.

Kanisani kwetu mtu wa kawaida habatizi, isipokuwa mbele ya kifo. Nilipandwa na hasira mpaka sikuona vizuri.

"Usimzike mwanangu angali anapumua," nilimwambia.

"Simziki," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nampa jina, Mungu ajue anamwangalia nani."

Alipumua. Daktari alisema ni homa imemzidi, siyo sindano, akaamuru afutwe kwa maji na dawa iendelee. Iliendelea. Kila nesi alipokuja na kisahani chake cha chuma mama mkwe alisimama, na kila alipoondoka aliweka kiganja chini ya pua ya mtoto, akangoja, ndipo akakaa. Baadaye daktari aliupasua ule uvimbe chini ya kidevu. Usaha uliotoka sitausimulia. Nilikuwa nimemshika mtoto miguu, na bibi yake amemshika kichwa, kama vile alivyomshika siku ile nyingine, na najua alilikumbuka, kwa sababu alifumba macho.

Alianza kunyonya alasiri moja, wodi imejaa wageni na harufu ya chakula cha watu. Nilimweka kifuani kwa mazoea tu. Akageuza uso, akarudi, akashika. Maumivu yalinipanda mpaka kwapani, matiti yalikuwa yamevimba kama mawe, na nililia kwa sauti mbele ya waume za watu bila aibu yoyote. Mama mkwe alisema taratibu, utampalia, na huo ndio ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza tangu tuingie pale. Sikuwahi kufurahi hivyo kusahihishwa.

Tuliporudi nyumbani, titi la dukani lilikuwa dirishani, limefunikwa kitambaa chake safi. Maziwa ya siku ile nilipokimbia yalikuwa bado chini, yameganda na kugawanyika. Nilifungua kifuniko nimwage, na harufu ikanipiga. Niliijua. Ilikuwa ile ya nepi zake, kabla ya spoku, kabla ya yote. Nilichukua mkasi wangu wa kushonea nikaipasua ile chuchu ya mpira kwa urefu, nikaifungua kama mtu anayefungua maharage. Ndani ilikuwa na utando wa kijivu, mzito, unaoteleza. Haukuwa wa siku chache. Maji ya kusuuza hayakuwahi kuufikia, wala macho yetu, kwa sababu nje palikuwa pasafi na bata anacheka.

Nilimwita mama mkwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nilikuwa nayo mengi na nilikuwa nimeyapanga wodini.

"Mama, uliuliza wadudu wako wapi," nilimwambia.

Alikuja akaupokea ule mpira. Aliunusa. Akaupitisha ukucha ndani yake, akatazama kilichobaki kwenye ukucha. Aliufuta kwenye kitenge chake, na maneno yangu yote yakaniishia. Kisha akainua uso.

"Si nilisema ni plastiki," alisema.

Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumkumbatia au kumpiga. Alitoka nje na ile chupa, bata wake na kila kitu, akaitupa chooni. Mtoto alilelewa kwa kikombe na kijiko, vyote vya kuchemsha. Msamaha mama mkwe hakuomba. Baba wa mtoto alipofika kutoka safari, yale meno hakuonyeshwa, na sijui karatasi ile iliishia wapi. Yule mama wa meno aliendelea kupanga watu kwenye benchi lake kwa muda, mpaka maneno yakapoa kama yalivyokuja. Wangapi walipita kwenye kile kikombe chake na hawakufika hospitali, hakuna anayejua. Nikikutana na binti wa rika la mwanangu namtazama mdomo kwanza, kisha namsalimia.

Mwanangu ana lile jina alilopewa wodini kwa kikombe. Pale yanapokaa meno yaliyochongoka, taya la chini, ana mapengo mawili, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Watu hunisifu kwamba nimelea mtoto mwenye adabu.

Mwaka jana alikuja likizo na mtoto wake wa kwanza, tukaenda naye Mollo kumwonyesha kwa bibi. Mama mkwe sasa haoni. Hukaa kwenye mkeka upande wa jua, blanketi mabegani, na humjua mtu kwa hatua zake. Mjukuu wangu hakuwa amechangamka siku hiyo. Ana joto, anatokwa udenda, ameshachafua nguo zote tulizobeba. Hatukumwambia bibi. Lakini alipopakatishwa mtoto aliuweka uso wake kichwani pake, na nikauona mkono wake ukianza kupanda. Kidole kile kile. Kilipita kifuani, kikafika kidevuni. Binti yangu alinitazama, kiganja mdomoni, na hakuwa anacheka. Nilisimama haraka mpaka kigoda kikaanguka.

Kidole kilifuta udenda, kikaishia hapo.

"Anakunywa kwa chupa?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiyo, bibi," binti yangu alijibu.

"Nipe."

Alipewa. Aliifungua kwa vidole vyake visivyoona, akaipindua ile chuchu nje ndani, akainusa, akapitisha ukucha. Kisha akaninyooshea mimi, kule alikosikia kigoda kikianguka.

"Chemsha hii," alisema. "Meno yake mwachieni."